Maswali ya wasomaji: Alama ya kujumlisha si jiwe

Barua za mwezi huu zimegusa jambo moja kwa njia nyingi: je, protini zinazotoka na mkojo zinaweza kumwambia mtu kwamba ana mawe ya figo? Tumechagua saba.

Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, nina miaka 41. Nilipata maumivu ya ubavu wa kulia, nikaenda duka la dawa, wakachovya kijiti kwenye mkojo. Protini ikasoma alama moja ya kujumlisha, damu alama mbili. Nikaambiwa nina mawe na nikauziwa unga wa kuyayeyusha, dozi ya wiki 6. Kijiti kinaona mawe?

Marahaba, mama. Kijiti hakioni jiwe. Kile kibandiko cha protini kina rangi ya manjano inayogeuka kijani ikikutana na albumini, protini kuu ya damu. Alama moja ni kama miligramu 30 kwa kila desilita ya mkojo, mbili ni 100, tatu ni 300. Hicho ni kipimo cha jinsi protini ilivyokolea kwenye mkojo, wala si jumla ya siku. Aliyeshinda jikoni kwenye joto akakojoa mililita 800 tu kutwa nzima, alama moja kwake ni miligramu 240. Aliyekojoa lita 3, alama hiyohiyo ni miligramu 900. Kwa hiyo tunauliza kwanza mkojo ulikuwa na rangi gani. Mtu mzima mwenye figo nzima hutoa chini ya miligramu 150 za protini kwa siku.

Tena kijiti hudanganyika. Mkojo wenye pH (kipimo cha tindikali) ya 8 na zaidi, yaani usio na tindikali, hukigeuza kijani bila protini yoyote. Chombo kilichosuuzwa kwa dawa ya kuulia vijidudu kama klorheksidini hufanya vivyo hivyo. Kopo la vijiti lililoachwa wazi kwenye unyevu wa pwani huharibika kabla ya tarehe yake. Homa na kazi nzito huleta protini inayoondoka yenyewe. Na damu ikiwa nyingi, inakuja na protini zake.

Hiyo damu ndiyo ya kufuatilia. Jiwe likikwaruza njia ya mkojo hutoa damu, lakini si kila mara: takriban mtu 1 kati ya 10 mwenye jiwe linalouma hana damu kwenye mkojo. Na hapo Tanga kuna kichocho, ambacho huleta damu na protini kwa pamoja. Peleka mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, wachuje mililita 10 na kutazama kwa hadubini. Kama ulikuwa kwenye hedhi siku ya kipimo, waeleze.

Kuhusu jiwe lenyewe, anza na ultrasaundi. Inaonyesha jiwe lililo ndani ya figo na inaonyesha kama figo imejaa mkojo uliozuiwa. Mawe madogo, hasa yaliyo katikati ya mrija unaoshuka kwenda kwenye kibofu, huipita. Shaka ikibaki, CT-Scan isiyo na dawa ya kung'arisha huona karibu mawe yote, isipokuwa machache kama yale yanayotokana na indinavir, dawa ya zamani ya VVU. Kama una mimba au unadhani unayo, sema kabla ya kipimo.

Unga acha. Katika mawe ya kawaida, yanayoyeyuka kwa dawa ni ya asidi yuriki, kwa kupunguza tindikali ya mkojo mpaka pH ifike kama 6.5 hadi 7, na hilo hufanywa na daktari akipima njiani. Mawe mengi ni ya kalsiamu oksaleti, na hayo hayana dawa ya kuyayeyusha. Maumivu yakirudi pamoja na homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Mkojo uliozibwa ukiwa na vijidudu huvipeleka kwenye damu kwa muda wa saa chache.

Maumivu yakiisha, rudia protini kwa njia ya maabara: uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) kwenye mkojo wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini ni kawaida. Ikibaki juu kwa miezi 3, hilo ni suala la figo la kufuatiliwa peke yake, uwe na jiwe au usiwe nalo.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara, Dodoma. Nasoma kwamba uromodulini, osteopontini na nyinginezo ni viashiria vya mawe. Makala moja inasema wenye mawe wanazo nyingi, nyingine inasema wanazo chache. Nishike lipi?

Shika yote mawili, kisha uulize kila timu ilipimaje.

Anza na uromodulini. Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza mwaka 1950 wakichunguza kitu cha kwenye mkojo kinachozuia virusi vya mafua kugandisha chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana vitabu vya zamani huiita protini ya Tamm-Horsfall. Inatengenezwa na figo yenyewe, kwenye sehemu nene inayopanda ya kitanzi cha Henle, na kwa mtu mwenye afya ndiyo protini inayoongoza kwa wingi kwenye mkojo. Kijiti hakiioni, maana kijiti kinasaka albumini. Hapo tayari unaona kwamba kusema tu “protini kwenye mkojo” hakutoshi.

Kazi yake kwa mawe ni kuzuia fuwele za kalsiamu oksaleti zisishikamane. Panya walioondolewa jeni yake hupata fuwele za kalsiamu ndani ya figo. Lakini mkojo ukiwa mzito, wenye chumvi nyingi na tindikali, molekuli za uromodulini hukamatana zenyewe kwa zenyewe, na zikiwa katika hali hiyo huacha kuzuia na huweza hata kusaidia fuwele kujikusanya. Zaidi ya hapo, protini hii imefunikwa na minyororo ya sukari, na kwa baadhi ya wenye mawe minyororo hiyo imeonekana kuwa na upungufu wa asidi sialiki. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na kiasi kilekile, mmoja ikamlinda na mwingine isimfae. Kipimo cha wingi peke yake hakiwatofautishi.

Osteopontini, inayojulikana zaidi kwenye mfupa, hushika kalsiamu kwa vikundi vyake vya fosfeti na kuzuia fuwele zisikue. Ugumu wake ni kwamba vimeng'enya vya kwenye mkojo huikatakata. Seti ya ELISA (kipimo kinachonasa protini kwa kingamwili) yenye kingamwili inayotambua kipande cha mwanzo wa protini na nyingine inayotambua kipande cha mwisho zitakupa namba mbili tofauti kwa mkojo uleule. Zipo pia bikunini na kipande cha kwanza cha prothrombini, hiki cha pili kikipatikana kimenaswa ndani ya fuwele za kalsiamu oksaleti.

Kisha kuna jambo ambalo makala nyingi hulipitia haraka: jiwe lenyewe hula protini. Asilimia 2 hadi 3 hivi ya uzito wa jiwe ni utando wa vitu hai, na humo mna osteopontini, uromodulini, albumini, na kalprotektini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu. Fuwele zikiikamata protini, ile inayobaki ikielea kwenye mkojo hupungua. Ukizungusha sampuli kwenye mashine ya sentrifuji, protini iliyoganda kwenye fuwele inashuka chini na unaitupa na mashapo. Je, upungufu ulioupima ni chanzo cha jiwe, matokeo ya jiwe, au kazi ya mashine yako? Makala isiyokuambia jinsi hilo lilivyotenganishwa isome kwa tahadhari.

Leo spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, inaorodhesha protini zaidi ya 1,500 katika mkojo wa mtu mwenye afya. Ukilinganisha orodha ndefu hivyo kwa wagonjwa 20 na wazima 20, chache zitatofautiana kwa bahati tu. Mpaka sasa hakuna protini ya mkojo inayotumika kliniki kama kipimo cha kusema “mtu huyu ana jiwe”.

Nipo Nairobi. Kuna kipimo cha protini ya mkojo kinachosemwa kuwa sahihi kwa asilimia 85. Si hiyo inatosha?

Inategemea anayepimwa ni nani. Tuseme kinawanasa wenye mawe 85 kati ya 100, na kinawaachia wasio na mawe 80 kati ya 100. Pima watu 1,000 wa mtaani ambao 100 wana mawe. Utawanasa 85, na kati ya wale 900 wazima utawatisha 180. Waliopata jibu la “ndiyo” ni 265, na wenye mawe kweli ni 85, yaani asilimia 32. Wengine wote watapanga foleni ya CT-Scan bure.

Peleka kipimo hichohicho kwenye chumba cha dharura, kwa watu 1,000 wenye maumivu ya ubavu ambao nusu yao wana mawe. Jibu la “ndiyo” sasa ni kweli kwa asilimia 81. Lakini jibu la “hapana” limewapita wagonjwa 75, na daktari hatamrudisha nyumbani anayejipinda kwa maumivu kwa sababu ya namba hiyo. Atapiga picha tu. Tena uliza hiyo 85 ilipatikana kwa kuwalinganisha wenye mawe na nani. Kama ni vijana wenye afya wasiolalamika chochote, kazi ilikuwa rahisi mno. Swali la kliniki ni kumtofautisha mwenye jiwe na mwenye UTI, kidole tumbo au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Tabibu, Kigoma: NGAL ya mkojo ikiwa juu kwa mgonjwa mwenye maumivu ya ubavu, nihesabu kwamba jiwe limeziba?

Hapana. NGAL na KIM-1 ni viashiria vya figo iliyoumia, na haviulizi imeumizwa na nini. NGAL hupanda ndani ya saa chache, lakini pia humwagwa na chembe nyeupe za damu, hivyo UTI ya kawaida huipandisha. Na kuna mtego wa mabomba: jiwe likiziba kabisa mrija wa upande mmoja, mkojo unaoingia kwenye kikombe umetoka figo ya upande wa pili iliyo nzima. Figo inayoteseka haijaleta kitu. Pima kreatinini ya damu, angalia homa, na tafuta ultrasaundi ya kuona kama figo imevimba.

Habari za kazi. Ninafanya kazi maabara ya hospitali, Mwanza. Tunashirikiana na watafiti wanaotaka mikojo ya wagonjwa wa mawe kwa kupima uromodulini na osteopontini. Mara ya kwanza majibu yalirudi yakiwa yametawanyika ovyo. Tunakosea wapi?

Nzuri. Kwa uzoefu wa kazi hii, makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine ya kupimia.

Chukua mkojo wa pili wa asubuhi, wa katikati, siyo ule uliolala kibofuni usiku kucha. Chombo kiwe kikavu na kisafi. Usitumie kamwe sehemu ya mkojo wa saa 24 uliowekewa asidi kwa ajili ya kalsiamu na oksaleti, kwani asidi hiyo huziharibu protini. Chovya kijiti kwanza: ikionekana damu, nitriti au chembe nyeupe, andika, na kwa utafiti huu sampuli hiyo ikae kando. Damu kidogo tu huingiza albumini na protini nyingine nyingi kuliko hizo mnazozitafuta. Shahawa nazo huleta protini, kwa hiyo waulizeni wanaume kwa staha.

Sampuli ikae kwenye joto la chumba si zaidi ya saa 2. Hapa ndipo wengi huanguka: wanaiweka kwenye friji mara moja, kisha wanaizungusha ikiwa baridi. Kwenye baridi chumvi za yureti huganda na mkojo unakuwa na ukungu, uromodulini nayo inakusanyika mafungu. Ukiizungusha hapo, yote yanakwenda chini. Tikisa taratibu ikiwa bado haijapoa, kisha zungusha kwa g 1,000 (yaani mara 1,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, si gramu) kwa dakika 10. Andikeni g, si mizunguko tu. Kwa rota (kile kichwa cha mashine kinachoshika mirija) yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, mizunguko 3,000 kwa dakika ni kama g 1,000. Kwa rota ya sentimita 15 mizunguko hiyohiyo ni kama g 1,500. Hospitali mbili zikiandika “3,000” zinakuwa zimefanya vitu viwili.

Gawa maji ya juu katika vichupa vya mililita 0.5 hadi 1, na ugandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri hupunguza uromodulini kadiri miezi inavyopita, na umeme ukikatika inayeyuka na kuganda tena bila mtu kujua. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Kikishayeyuka kitikiswe kwa nguvu kwenye mashine ya kutikisia kabla ya kunyonya kwa pipeti, la sivyo utanyonya maji na kuacha protini imeshika ukutani.

Mwisho pimeni kreatinini kwenye kichupa hichohicho na mtoe majibu kama uwiano. Bila hilo mnapima nani alikunywa maji. Ila kumbukeni mwenye misuli mikubwa hutoa kreatinini nyingi, hivyo mbeba mizigo na bibi wa miaka 70 hawalinganishwi hivihivi.

Assalaam aleikum. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, tupo Mombasa. Ametoa vijiwe mara mbili, na kila akipimwa mkojo una protini kidogo. Mjomba wake, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa na mawe tangu utotoni na sasa figo zake ni dhaifu. Je, kuna uhusiano?

Waaleikum salaam, mama. Unaweza kuwepo, na barua yako ndiyo pekee kati ya zote ambapo protini ya mkojo inaweza kuwa ufunguo. Mtoto mwenye mawe, protini, na mjomba wa upande wa mama mwenye shida hiyohiyo: hapo hufikiriwa ugonjwa wa Dent, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1964. Hitilafu iko kwenye kromosomu X, mara nyingi jeni ya CLCN5, kwa hiyo mama huibeba bila kuumwa sana na wana wa kiume ndio huathirika. Vijirija vya mwanzo vya figo hushindwa kurudisha protini ndogondogo kwenye mwili, na kalsiamu nyingi hutoka na mkojo.

Protini hizo ndogo kijiti huziona kidogo au hakizioni kabisa. Omba daktari wa figo wa watoto aagize mojawapo ya hizi: protini inayobeba retinoli (vitamini A), alfa-1 mikroglobulini, au beta-2 mikroglobulini. Hii ya tatu ina kasoro moja: mkojo wenye pH chini ya 6 huivunja, hata ikiwa bado kibofuni, na jibu hurudi dogo kwa uongo. Mbili za kwanza huvumilia. Pamoja na hizo ipimwe kalsiamu na kreatinini ya mkojo, kreatinini ya damu, na ultrasaundi ya figo zote mbili. Kipimo cha jeni huthibitisha.

Waombe pia watazame mkojo kwa hadubini kutafuta fuwele bapa zenye pembe 6. Hizo ni za sistini, ugonjwa mwingine wa kurithi unaoleta mawe kwa watoto. Huo ni wa asidi amino, si protini, na matibabu yake ni mengine. Kwa sasa usimpe vidonge vya vitamini D au kalsiamu bila ushauri, maana vitamini D inaweza kuongeza kalsiamu kwenye mkojo. Wala usimnyime maziwa na samaki kwa hofu. Na kaka yako apewe majibu ya mtoto ili ayapeleke kwa daktari wake.

Naandika kutoka Muscat, naendesha lori. Nimetoa jiwe mwezi uliopita na nina fedha ya kipimo kimoja au viwili tu. Nilipie kipimo cha hizo protini?

Usilipie. Lipia kuchunguza jiwe lenyewe na mkojo wa saa 24.

Jiwe hupimwa kwa spektroskopia ya infraredi au mionzi ya eksirei inayotawanywa na fuwele, na jibu linakuambia ni la aina gani. Mkojo wa saa 24 usubiri wiki 6 hivi baada ya jiwe kutoka, ukiwa unakula na kunywa kama siku zako zote za kazi. Ukijibana siku hiyo moja, umepima mtu mwingine. Ukianza saa 1 asubuhi, mkojo huo wa kwanza umwage chooni. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu la maabara, hadi na pamoja na ule wa saa 1 asubuhi ya kesho yake. Chagua siku ya mapumziko, kwa sababu barabarani utapoteza. Maabara itagundua ukipoteza: mwanamume hutoa kreatinini miligramu 18 hadi 24 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 70 atarajiwe kuwa na 1,260 hadi 1,680. Ikisoma 700, karibu nusu ya mkojo haikuingia.

Waulize kama dumu lina asidi. Kalsiamu na oksaleti huhitaji asidi zisigande, asidi yuriki huganda ikiwekewa, na pH haipimiki tena. Baadhi ya maabara hutoa madumu mawili, nyingine hugawanya zenyewe.

Utakachoangalia kwanza ni ujazo. Kwa aliyewahi kupata jiwe tunataka mkojo wa lita 2.5 au zaidi, na kwa joto la huko hiyo ni lita nyingi zaidi za maji ya kunywa kwa sababu ya jasho. Kisha kalsiamu, oksaleti, sitireti, asidi yuriki na sodiamu. Sodiamu ikiwa juu huvuta kalsiamu itoke nayo, na hapo dawa ya kwanza ni kupunguza chumvi.

Kama jiwe la mwezi uliopita ulilitupa, kojolea kwenye kichujio cha chai utakapopata tena maumivu. Likitoka, lisuuze kwa maji, likauke, liweke kwenye kichupa kitupu. Usilitie kwenye fomalini wala spiriti.